Ratiba ya televisheni ya chuo ikitoka, mi naanzia kwenye maswali

Televisheni ya chuo kikuu ikitoa ratiba ya msimu unaokuja, watu wengi wanaipita tu. Wanaona majina marefu ya maprofesa, mada zimeandikwa kisomi, picha ya mtu kasimama nyuma ya mimbari, basi, wanasogeza kidole wanaendelea na mambo mengine. Mi naona hapo tunapoteza kitu kikubwa sana, maana ndani ya hizo ratiba kuna watu waliokaa miaka 20 au 30 wanachunguza jambo moja tu, halafu wanakuja kukaa na sisi saa nzima kutueleza walichokiona, hawadai ada na hawaulizi una cheti gani. Sijui sehemu nyingine ambapo mtu wa kawaida anapata kitu cha namna hiyo kirahisi hivyo. Kwa hiyo leo nataka tuongee kuhusu ratiba hizi, namna ya kuzisoma, na hasa kuhusu kipande kimoja cha mhadhara ambacho kinaniuma kila nikikuta kimekatwa, yaani muda wa maswali na majibu.

Kwanza tuelewane kuna nini mle ndani. Chukua UCTV, televisheni ya Chuo Kikuu cha California, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2000. Chuo kile kina kampasi 10, kila kampasi ina wataalamu wake na kumbi zake, kwa hiyo kituo kinakusanya mihadhara kutoka kote huko na kuipanga kwa mada. Utakuta mfululizo wa afya wa Mini Medical School kutoka kampasi ya San Francisco, ambayo kazi yake yote ni tiba na sayansi za afya, pale wanaofundisha madaktari wanasimama mbele ya watu wa kawaida na kuwaeleza miili yao wenyewe. Utakuta mihadhara ya bahari kutoka taasisi ya Scripps kule San Diego. Utakuta mikutano ya CARTA kuhusu chimbuko la binadamu, wataalamu wanapokezana, huyu wa mifupa, huyu wa vinasaba, huyu wa lugha, kila mmoja na muda wake mfupi. Na utakuta mazungumzo ya Conversations with History ambayo Harry Kreisler aliyaanzisha pale kampasi ya Berkeley mwaka 1982, yeye na mgeni mmoja mezani, hakuna slaidi, hakuna muziki, wanaongea tu. Hivyo ni vitu vinne tofauti kabisa na vyote vinakaa kwenye ratiba moja, mtu asiyejua anaviona vyote kama "vipindi vya elimu" halafu anachagua cha kwanza kinachotokea mbele yake, kikimshinda anasema haya mambo ni ya wasomi.

Tofauti kubwa ya kuikumbuka ni hii: kuna kozi, na kuna mhadhara wa umma. Kozi imetengenezwa kwa mwanafunzi aliyejiandikisha, ina mpangilio wake, somo la tano linategemea umeelewa la nne, ukiingia katikati unapotea na si kosa lako. Mhadhara wa umma umeandaliwa kwa mtu aliyetoka kazini, hajasoma chochote kuhusu hiyo mada, kaingia ukumbini kaketi. Profesa anajua hivyo, kwa hiyo anaanzia mbali. Ukiona kwenye ratiba pameandikwa ni mhadhara wa umma, usiogope jina la mada hata likiwa refu kama treni, ingia.

Sasa hivi vitu havikuja vyenyewe, na mi nadhani tukijua vilikotoka tutaviheshimu zaidi. Marekani mwaka 1952 tume ya mawasiliano ya serikali, FCC, ilikuwa inagawa masafa ya televisheni, na wafanyabiashara walikuwa wanayataka yote, maana kila mtu alishaona pesa iliyoko kwenye matangazo. Ndani ya tume ile alikuwepo mwanasheria mmoja, Frieda Hennock, mwanamke wa kwanza kuwa kamishna wa FCC, aliingia 1948, na yeye alishikilia kwamba lazima sehemu ya masafa itengwe kwa ajili ya elimu kabla hayajaisha, kwa sababu yakishachukuliwa hayarudi. Akang'ang'ana mpaka zikatengwa nafasi 242 za vituo visivyo vya biashara. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Mei 1953, kituo cha KUHT cha Chuo Kikuu cha Houston kikaingia hewani, kituo cha kwanza cha televisheni ya elimu isiyo ya biashara nchini kule, na kikaanza kurusha masomo ambayo mtu anayatazama nyumbani na yanahesabika kwenye digrii yake. Masomo mengi yaliwekwa usiku ili anayefanya kazi mchana naye asome. Uamuzi huo wa kuweka masomo usiku naupenda sana, maana unaonyesha mtu alikaa akafikiria mtazamaji ni nani na saa ngapi yuko nyumbani.

Miaka minne baadaye Chuo Kikuu cha New York na kituo cha CBS wakafanya kitu ambacho wengi walidhani hakitatazamwa, Sunrise Semester, masomo ya chuo yanaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwalimu wa kwanza alikuwa Floyd Zulli, anafundisha fasihi linganishi, yaani mtu anaamka gizani kumsikiliza mwalimu anaongelea riwaya za Ulaya za karne zilizopita. Na watu waliamka! Riwaya ya Stendhal aliyoanza nayo iliisha kwenye maduka ya vitabu New York kwa sababu watazamaji walikimbilia kuinunua. Kipindi kikaendelea mpaka 1982, miaka 25. Huwa nakumbuka habari hiyo nikisikia mtu wa televisheni anasema watu hawataki vitu vigumu. Watu wanataka, ila wanataka waheshimiwe, waelezwe vizuri, na wasichezewe akili.

Uingereza nao wakaenda mbali zaidi. Chuo Kikuu Huria cha kule kilipewa hati mwaka 1969 na matangazo yake kwenye BBC yakaanza Januari 1971, kikiwa na wanafunzi zaidi ya 20,000 mwaka wa kwanza tu, wengi wao watu wazima ambao mlango wa chuo cha kawaida ulishafungwa kwao. Profesa na mtayarishaji wa BBC walikuwa wanakaa meza moja kutengeneza somo, huyu anajua fizikia, huyu anajua kamera, wanabishana mpaka kinatoka kitu. Vipindi vile vya masomo vya alfajiri na usiku wa manane viliendelea hadi mwisho wa 2006. China ilifungua chuo chake cha redio na televisheni mwaka 1979, India ikaanza vipindi vya vyuo vikuu kwenye televisheni ya taifa Agosti 1984, Japani chuo chao cha hewani kikapokea wanafunzi 1985. Kila nchi na sababu zake, ila zote ziliona kwamba ukumbi wa chuo ni mdogo na watu wanaotaka kusikia ni wengi.

Turudi kwenye mhadhara wa umma wenyewe, maana huo una historia ndefu kuliko televisheni. Pale London kuna Royal Institution, na tangu 1825 wanatoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana, imesimama miaka michache tu ya Vita vya Pili vya Dunia. Michael Faraday mwenyewe, mtu wa sumaku na umeme, aliitoa mara 19, na moja ya mada zake mashuhuri ilikuwa mshumaa. Mshumaa wa kawaida. Anauwasha mbele ya watoto halafu anauliza mambo: nta inapandaje kwenye utambi, kwa nini katikati ya mwali kuna giza, yale maji yanayoonekana ukishika kitu cha baridi juu ya moto yametoka wapi wakati kinachoungua ni nta? Anachukua kijibomba cha kioo, anakitumbukiza kwenye ile sehemu ya giza, moshi mweupe unatoka upande wa pili, anauwasha nao unawaka, tayari watoto wameshaona kwa macho yao kwamba kinachoungua ni mvuke wa nta na wala si nta yenyewe. Hapo hakuna slaidi hata moja. Televisheni ilipokuja BBC walijaribu kuionyesha mihadhara hii tangu 1936, na kuanzia 1966 imekuwa ikionyeshwa kila mwaka. Profesa yeyote anayeandaa mhadhara wa msimu ujao ningemwomba akae na huo mshumaa kwanza kabla hajafungua kompyuta kutengeneza slaidi 80.

Na hapo hapo Royal Institution kuna kisa kingine ambacho kwangu ndo kiini cha andiko hili lote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1846 mhadhiri wa Ijumaa jioni, Charles Wheatstone, alishikwa na woga dakika za mwisho akaondoka, na mpaka leo ni desturi pale mhadhiri kufungiwa chumbani kabla ya kupanda jukwaani. Sasa hicho kisa cha kukimbia kiwe kweli au kimeongezwa chumvi, Faraday ndo aliyesimama jioni ile, akaeleza kifaa cha Wheatstone, akamaliza mapema, muda ukabaki. Afanye nini? Akaanza kuongea mambo ambayo alikuwa hajayaandaa, mawazo yake mwenyewe ambayo hakuwa na uhakika nayo, kwamba pengine mwanga ni mtetemo unaopita kwenye mistari ya nguvu ya umeme na sumaku. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1865, mwanafizikia James Clerk Maxwell akachapisha nadharia yake iliyoonyesha kwa hesabu kwamba mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Yaani ile sehemu ya mhadhara ambayo haikuwa kwenye ratiba ndo iliyobeba wazo kubwa.

Hii ndo sababu nagombana sana na tabia ya kukata maswali. Mhadhara ulioandaliwa unakuonyesha mtu anajua nini. Maswali yanakuonyesha anafikirije, wapi ana uhakika na wapi hana, na hilo la pili ni gumu sana kulipata kwenye kitabu. Mtu anauliza swali jepesi tu, labda mama mmoja wa makamo huko nyuma, anauliza "sasa hiyo dawa mnajuaje kama ni yenyewe iliyomponya na si kwamba angepona tu?", na profesa anatulia, anaweka chini kile kidude cha kubadilisha slaidi, anaanza kueleza jinsi wanavyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa nusu wapewe kitu kisicho dawa, na hata daktari anayewahudumia asijue nani kapewa nini. Dakika nne hizo zimekufundisha sayansi kuliko zile 50 zilizotangulia, kwa sababu sasa unaweza kwenda nazo kwenye habari yoyote ya dawa utakayoisoma maisha yako yote. Halafu mhariri wa kipindi anazikata ili kienee kwenye nafasi ya saa moja, au kwa sababu sauti ya muulizaji haikunaswa vizuri.

Najua tatizo la sauti ni la kweli. Ukumbi una maiki ya profesa, imebanwa kwenye koti, inafanya kazi vizuri kabisa, lakini muulizaji yuko safu ya 15, hajasubiri maiki imfikie, keshaanza kuuliza, ukumbini wanamsikia, kwenye televisheni tunasikia mnong'ono kama wa mtu yuko chumba cha pili. Kisha profesa anasema "ndiyo, swali zuri sana, jibu ni hapana" na sisi huku nje hatujui hapana ya nini. Dawa yake ni ndogo mno: msimamizi amwambie mhadhiri kabla ya kuanza, rudia swali kwa maneno yako kabla ya kujibu. Basi. Hakuna pesa inayohitajika hapo. Na hata ukumbi wenyewe unafaidika, maana nusu ya watu waliokaa mbele nao hawakumsikia aliyeko nyuma.

Jambo lingine dogo la namna hiyo ni ile taa nyekundu ya kuonyeshea. Profesa anaelekeza taa kwenye skrini kubwa ukumbini, anasema "mkiangalia hapa, halafu mlinganishe na hapa", na waliomo ukumbini wanaona alama nyekundu inavyotembea. Lakini siku hizi vituo vingi vinachukua slaidi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ili picha iwe safi, na ile taa haipo kwenye kompyuta, ipo ukutani. Kwa hiyo mtazamaji anaona grafu ina mistari sita na anasikia "hapa" na "hapa". Wahadhiri wanaotumia kishale cha kompyuta au wanaotaja kwa maneno, mstari wa bluu, kona ya juu kulia, hao wanatukumbuka sisi wa nje, na kwa kweli unajua ndani ya dakika tano za kwanza kama mtu anatukumbuka.

Kuna watakaosema mbona dunia imeshahama kwenda kwenye video fupi, na wana ushahidi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX, wakakuta muda wa kawaida wa mtu kuendelea kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Waligundua pia kwamba mihadhara iliyorekodiwa darasani na kukatwakatwa baadaye haikushika watu kama video zilizoandaliwa fupi tangu mwanzo. Mi nayakubali hayo matokeo, na kwa mwalimu wa kozi ni ya kuyafanyia kazi kabisa. Ila tuangalie walichopima: wanafunzi walio ndani ya kozi, wanatazama video halafu wanafanya zoezi, wanarudi, wanatafuta kipande wanachokihitaji. Mtu aliyeketi jioni kusikiliza mhadhara wa umma hana zoezi kesho, amekuja kufuata hoja moja inavyojengwa mpaka mwisho, na hoja nyingine haijengeki kwa dakika sita. Kipande kifupi ni kizuri kama tangazo la kumleta mtu kwenye mhadhara wenyewe, lakini vituo vingi vimeanza kuweka kipande tu na kuacha mhadhara mzima ukifa kwenye diski ya ofisini. Wekeni vyote viwili jamani.

Halafu kuna suala la maandishi ya chini ya skrini, ambalo wengi hawalipi uzito. Berkeley ilikuwa imeweka wazi kwa dunia nzima mafaili zaidi ya 20,000 ya video na sauti za masomo yake. Viziwi wawili walilalamika kwamba yale masomo hayana maandishi, kwa hiyo wao wamefungiwa nje, na Agosti 2016 wizara ya sheria ya Marekani ikakubaliana nao kwamba chuo kinavunja sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Chuo kikaona gharama ya kurekebisha vile vya zamani ni kubwa, na Machi 2017 kikaanza kuviondoa vyote machoni pa umma. Watu walikasirika sana, wengi wakawalaumu waliolalamika, na mi hapo sikubaliani nao hata kidogo. Kiziwi aliomba kuingia mlango uleule tulioingia sisi, na jibu la kufunga mlango kwa wote halikuwa ombi lake. Mwaka 2022 chuo na wizara wakafikia makubaliano ya kisheria kwamba vitu vya chuo vinavyowekwa mtandaoni vifikike na watu wenye ulemavu, kwa hiyo ilichukua miaka sita kufika mahali ambapo pangeanziwa tangu mwanzo.

Na maandishi yenyewe yanatusaidia wote. Sisi ambao Kiingereza tumejifunza shuleni, profesa akiongea haraka na lafudhi tusiyoizoea, ukisoma huku unasikiliza unaelewa mara mbili zaidi. Kwenye YouTube unaweza kupunguza kasi ya video pia, ukaiweka robo tatu, hakuna aibu yoyote hapo, mhadhara mgumu wa fizikia unatulia kabisa. Ila angalia maandishi yaliyotengenezwa na mashine, yanakosea zaidi palepale unapoyahitaji, kwenye jina la ugonjwa, jina la mto, jina la mtu, tarakimu. Kituo kinachomweka binadamu apitie maandishi ya mashine kabla ya kuyaweka hewani kinastahili pongezi, maana ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeiona.

Basi nikishika ratiba ya msimu unaokuja naangalia nini? Nishasema, naangalia kama kuna maswali, na njia rahisi ya kujua ni urefu wa kipindi. Mhadhara wa dakika 58 kamili mara nyingi umekatwa ufiti kwenye nafasi, mhadhara wa saa moja na dakika 23 umeachwa kama ulivyokuwa. Halafu naangalia mwaka uliorekodiwa. Hili watu wanalisahau, televisheni za vyuo zinarudia sana vipindi vya zamani na si vibaya, mhadhara wa historia ya himaya ya Roma wa 2005 bado unafaa, lakini mhadhara wa matibabu ya saratani wa mwaka huohuo unaweza kukupa ushauri ambao madaktari wenyewe walishauacha. Kwenye afya nataka cha karibuni. Kwenye falsafa, historia na hisabati sijali.

Mada za bahari na hali ya hewa siziachi, na sababu ni kwamba hapo mhadhiri anaweza kukuonyesha kipimo chenyewe. Charles David Keeling wa Scripps alianza mwaka 1958 kupima hewa ya ukaa juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, akapata karibu sehemu 315 kwa milioni, na kipimo hichohicho mahali palepale sasa kimepita 420. Ukiwekewa mchoro huo na mtu anayejua kuusoma, anakuonyesha kwamba mstari unapanda na kushuka kila mwaka kama meno ya msumeno kwa sababu mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia inavuta hewa hiyo wakati wa majira ya joto na kuirudisha majira ya baridi, yaani unaona dunia inapumua, halafu unaona kila pumzi inaanzia juu kidogo kuliko iliyopita. Nimewahi kusoma aya nyingi kuhusu jambo hili na hakuna iliyonifikisha pale mchoro mmoja na sauti ya mtu vilipofika.

Chimbuko la binadamu nalo ni hivyohivyo. Nyayo za Laetoli ambazo timu ya Mary Leakey ilizikuta mwaka 1978, zina umri wa miaka kama milioni 3.6, ukizisoma kwenye kitabu ni nyayo tu. Mtaalamu wa mguu akisimama akakuonyesha kisigino kimezama wapi, kidole gumba kimekaa sambamba na vingine badala ya kuchepuka pembeni kama cha sokwe, na uzito umehama kutoka nyuma kwenda mbele kama unavyohama mguuni mwako ukitembea leo, hapo unaanza kuangalia miguu yako mwenyewe kwa macho mengine. Mikutano ya aina hii naipenda pia kwa sababu wataalamu hawakubaliani, na wanapinga hoja za wenzao mbele yako kwa adabu. Ukikuta kwenye ratiba kuna mjadala wa pamoja mwisho wa siku baada ya mihadhara yote, ukiwa na bando la kutosha kipindi kimoja tu, chukua huo.

Vipindi vya mahojiano ni vya siku nimechoka. Mazungumzo mazuri unaweza kuyasikiliza hata huku unafua. Sina mengi ya kusema hapo, isipokuwa angalia anayehoji, akiwa mtu anayesoma kazi za mgeni kabla ya kumkaribisha utajua kwenye swali la pili tu.

Kwa wanaopanga ratiba kwenye vituo hivi, ninaomba mambo matatu na yote yanawezekana. Andikeni saa za kurusha pamoja na saa za dunia, maana "saa moja jioni saa za Pasifiki" inamfanya mtu wa mbali akae na karatasi kupiga hesabu, na nchi nyingine zinabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hesabu ya Februari haifai Aprili. Wekeni maelezo ya mada kwa lugha ya mtu wa kawaida, sentensi mbili za kusema mhadhara unajibu swali gani, majina ya tuzo za profesa yaje baadaye. Na mkirusha mubashara, wekeni mtu wa kusoma maswali ya walioko nje ya ukumbi, na ayasome kweli, asichukue matatu ya kwanza halafu aseme muda umeisha.

Na sisi watazamaji tutume hayo maswali. Vituo vingi vinavyorusha mubashara vinafungua sehemu ya kuandika swali kabla ya mhadhara kuanza, vingine siku moja au mbili kabla, na mara nyingi panakuwa patupu mpaka dakika za mwisho ndo watu wanajaa wote kwa pamoja. Ukishachagua mhadhara wako wa msimu huu soma yale maelezo mafupi, jiulize ni nini hapo hukielewi, kiandike kwa sentensi moja fupi bila utangulizi wa salamu ndefu, ukitume mapema. Swali fupi linasomwa. La aya nzima linarukwa, hata kama ndo lilikuwa zuri kuliko yote.